Muhuri wa Mwenyekiti Hauhamishi Shamba

Swali ni lile lile, litoke Makumira, Poli, Nkoaranga au Kikatiti, huku kwetu Meru: "Mwenyekiti ameshagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, sasa hati naifuata wapi?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo nalijibu kwa urefu, maana watu bado wanapoteza akiba ya maisha yao kwa kuamini kwamba wino wa muhuri unahamisha ardhi.

Hauhamishi. Haujawahi kuhamisha.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 haikumkabidhi mwenyekiti kijiji. Ilikipa kijiji vyombo viwili: mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti kazi yake ni kuongoza vikao. Mtendaji, ambaye ni mwajiriwa, anaandika na kutunza mihtasari. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ikaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri nzima, iisimamie kama mdhamini wa wanakijiji. Kijiji kikitaka kumgawia mtu ardhi, mkutano mkuu uridhie kwanza. Mwanakijiji akitaka kumuuzia mwenzake haki yake ya kimila, halmashauri ijulishwe na ikubali. Tangu 1985 Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na majaji wamelirudia hilo kesi baada ya kesi. Mauzo yakibatilishwa, shamba linarudi kwa mwenyewe, na wewe unabaki kumdai hela yako muuzaji ambaye ameshaitumia.

Kwa hiyo unapomwita mwenyekiti kwenye mkahawa, akasoma karatasi, akasaini na kugonga muhuri, ulichopata ni shahidi. Shahidi mzuri pengine, mtu mzima anayeheshimika, lakini shahidi tu. Mwenyekiti wa kitongoji naye ndiyo hivyo hivyo. Yeye ni mjumbe mmoja ndani ya halmashauri ile. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama cha siasa, wala hana nafasi yoyote katika sheria ya ardhi. Bado naletewa karatasi zilizosainiwa na balozi peke yake, za eka nzima!

Na ile "asilimia kumi ya mwenyekiti"? Hakuna sheria inayompa mwenyekiti fungu la bei ya shamba lako. Kama kijiji kina sheria ndogo inayotoza ada, ada hiyo inaingia kwenye akaunti ya kijiji na unapewa stakabadhi. Bila stakabadhi umetoa rushwa, na ndiyo hasa inayomfanya agonge muhuri bila kuuliza kama mke wa muuzaji ana habari, kama ndugu wamegawana, kama kiwanja hicho hicho kiliuzwa mwaka juzi. Baya zaidi ni karatasi zinazogongwa na mwenyekiti aliyekwishaondoka madarakani, tarehe ikirudishwa nyuma. Uchaguzi wa mwisho wa vijiji ulifanyika 27 Novemba 2024; linganisha tarehe ya karatasi yako na jina la aliyekuwa mwenyekiti siku karatasi iliposainiwa.

Ninalisemea hili kwa uchungu kwa sababu ya mahali tulipo. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliuzungushia Mlima Meru mashamba ya walowezi hadi Wameru wakabanwa kati ya msitu wa juu na kahawa ya Mzungu chini. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nchi ile iwe malisho ya ng'ombe wa walowezi. Watu wakachanga fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akafika New York kulisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Vihamba vilivyobaki, yaani mashamba ya ukoo yenye mipaka ya masale, ndivyo vinavyouzwa leo robo eka robo eka kwa karatasi ya daftari.

Mara nyingi hela inatoka kwa mtoto aliye ughaibuni. Kama yuko Ohio, Marekani, mwulize ardhi inahamishwaje huko. Maeneo ya vijijini ya huko nayo yana serikali ndogo: wadhamini watatu wa kuchaguliwa na ofisa wa fedha, wanaoshughulikia barabara, zimamoto na makaburi. Hakuna mdhamini hata mmoja anayeweza kuhamisha shamba kwa muhuri. Hati inaandikishwa kwenye ofisi ya kaunti. Huko asingekubali utaratibu anaoukubali Meru. Na kama ameshabadili uraia, masharti yake ni mengine kabisa. Asitume hela kabla ya kumwona wakili.

Sasa la kufanya, haraka haraka. Uliza kwanza kama eneo ni la kijiji au la Mamlaka ya Mji Mdogo wa Usa River. Kama ni la mji mdogo, nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Kama ni la kijiji, mwone mtendaji, omba suala liingie kwenye kikao cha halmashauri, na uchukue nakala ya muhtasari yenye tarehe, mahudhurio na saini. Mwenza wa muuzaji asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda kwenye nyumba ya familia. Ita majirani wa pande zote nne wakanyage mpaka. Lipa kupitia benki. Omba hatimiliki ya kimila mapema, usingoje ugomvi. Ugomvi ukitokea, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu bila kuamua. Ikipita siku 30 bila suluhu, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Kama ulinunua zamani kwa muhuri mtupu na muuzaji yu hai, nendeni pamoja kwa mtendaji mkaombe idhini kikaoni. Akishafariki, utakaa mezani na warithi wake.