MAZIWA YA MTUNGI: YAKIPIGWA MARUFUKU NANI ATAUMIA?

Huenda leo asubuhi kabla ya kuja shuleni ulikunywa chai ya maziwa. Je, ulijiuliza maziwa hayo yalitoka wapi? Ikiwa unakaa Rhonda, Kaptembwo, Bondeni au Free Area, kama wengi wetu tunaorudi nyumbani kila jioni, yaelekea hayakutoka kwenye pakiti. Yalipimwa kwa kikombe kutoka kwenye mtungi wa mama fulani kando ya barabara. Mnamo mwaka wa 2019 ilibaki kidogo tu biashara hiyo izimwe. Mjadala wenyewe haujaisha mpaka sasa, ndiyo maana nimeona vyema nieleze jambo hili katika gazeti la chama chetu.

Kwanza tuangalie tulikotoka. Kampuni ya KCC ilianzishwa mwaka wa 1925 hapa jirani, Naivasha, na walowezi waliofuga ng'ombe wa gredi. Bodi ya Maziwa ya Kenya nayo ilianza mwaka wa 1958 chini ya Sheria ya Maziwa, Sura ya 336. Kwa miaka mingi maziwa ya mjini yalikuwa ya KCC peke yake. Mchuuzi aliyeingia mjini na mtungi alikimbizwa na askari kama mwuza chang'aa. Mwaka wa 1992 serikali ililegeza kamba, kila mtu akaruhusiwa kushindana sokoni. KCC ikadhoofika, hata ikabidi serikali iichukue tena mwaka wa 2003 kwa jina la New KCC. Wachuuzi nao wakaongezeka, na katika miaka ya 2000 Bodi ikaanza kuwafundisha usafi na kuwapa leseni badala ya kuwafukuza.

Halafu ikaja rasimu ya 2019. Kwa ufupi, ilitaka maziwa mabichi yasiuzwe moja kwa moja kwa mnywaji. Yapitie kwanza mahali palipoandikishwa, yapozwe, yapashwe moto kwa mitambo, ndipo yauzwe. Anayekiuka alikuwa akitishiwa faini na jela. Wakulima walipiga kelele, kuanzia Kinangop hadi Molo. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Bw. Mwangi Kiunjuri, aliiondoa. Lakini haikufa kabisa, kwani mwaka wa 2021 zilitoka kanuni nyingine zinazohusu usajili na leseni katika sekta ya maziwa.

Sasa, tumtazame mwuzaji. Shangazi yangu ni mmoja wao. Saa kumi na moja alfajiri hupokea mitungi kutoka Bahati, inayoletwa na kijana wa boda boda. Saa nne maziwa yamekwisha. Nilipomweleza kwamba sheria ingemtaka awe na mtambo wa kupasha maziwa moto, alicheka akaniuliza, "Mwanangu, huo mtambo nitauweka wapi, juu ya kitanda?" Kusema kweli hilo ndilo tatizo lenyewe. Mtambo una bei, stima ina bei, friji ina bei, na chumba cha kuviweka kina kodi yake. Mwenye mtaji mkubwa atanunua vyote kisha abaki sokoni peke yake. Mwenye mtungi mmoja atarudi nyumbani, au atauza usiku kwa kujificha, na maziwa ya kujificha hayapimwi na mtu yeyote.

Mkulima naye ana hesabu zake. Kiwanda hulipa mwisho wa mwezi, lakini mchuuzi hulipa papo hapo. Mtoto akifukuzwa shuleni Jumatatu kwa sababu ya karo, pesa za mwisho wa mwezi hazimfai kitu siku hiyo. (Wenzangu wa kidato cha tatu wanajua ninachosema.)

Mnunuzi ndiye watu humsahau. Pakiti ni ghali kuliko maziwa ya mtungi, na haikatwi nusu. Kwa shangazi unaweza kununua kikombe kimoja, tena akuandike kwenye daftari ulipe Jumamosi. Supamaketi gani itakuandika kwenye daftari? Mashine za maziwa zinazoitwa ATM zimesaidia kidogo, maana mtu huweza kununua ya shilingi ishirini, lakini hazikopeshi. Wenye uwezo hununua vidonge vya kalisi na vitamini kwenye duka la dawa. Kwetu sisi kalisi ni hayo maziwa ya kwenye chai na uji. Bei ikipanda hatutakunywa ya pakiti, tutakunywa chai ya rangi.

Hata hivyo, msomaji, usidhani walioandika rasimu hawakuwa na sababu. Maziwa mabichi huweza kubeba brusela, ile homa inayokuja na kuondoka huku viungo vikiuma, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Joto huua vijidudu hivyo. Kiwandani maziwa hupashwa moto nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Njia hiyo ina jina la Mfaransa Louis Pasteur. Lakini chai yetu huchemka na maziwa ndani! Hata hapa Nakuru, ambapo kwa ajili ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, bado tumewapita wenye kiwanda. Hatari iko kwa anayekunywa bila kuchemsha, au anayegandisha maziwa mabichi. Akina nyanya wanaotengeneza mursik kwenye sotet wengi wao siku hizi huchemsha kwanza.

Yapo mambo mengine ambayo moto hauyaondoi. Ng'ombe akidungwa dawa ya antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka siku zilizowekwa ziishe. Akilishwa mahindi yaliyoota ukungu, sumu yake, yaani sumukuvu, huingia kwenye maziwa. Hii ndiyo sumu iliyoua watu zaidi ya 100 huko Ukambani mwaka wa 2004 kupitia mahindi. Chemsha upendavyo, itabaki, na mtambo wa kiwanda hauiondoi pia. Kwa hivyo naona rasimu ilimkamata mtu wa mwisho kwenye mlolongo, yule mwenye kikombe, ilhali kosa kubwa linaweza kuwa lilifanyika zizini.

Mimi ningeunga mkono kupima kuliko kukataza. Laktomita huonyesha kama maziwa yametiwa maji: yaliyo sawa husoma kati ya 1.026 na 1.032. Kipimo cha spiriti ni rahisi zaidi. Unachanganya spiriti na maziwa kwa kiasi sawa, yakiganda ujue yameanza kuharibika. Shangazi alifundishwa vyote viwili alipoomba leseni, na siku hiyo hiyo akaambiwa aache jerikeni za plastiki anunue mtungi wa alumini, kwa sababu pembe za plastiki haziogeki vizuri. Alinung'unika kwa ajili ya bei, lakini alinunua. Sumukuvu na antibayotiki zinahitaji maabara, na hapo ndipo serikali ya kaunti ingesaidia: iweke kituo kimoja cha kupimia pale boda boda zinaposhusha mitungi, kifunguliwe kabla ya saa kumi na moja alfajiri.