Waliodumu Jukwaani Kampala

Afrigo, bendi kongwe kuliko zote za dansi nchini Uganda, ilianzishwa mwaka 1975, Idi Amin akiwa madarakani. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 50 bila kubadili jina. Mmoja wa waanzilishi wake ni Moses Matovu, mpuliza saksofoni na mwimbaji aliyezaliwa 1949, ambaye alitokea The Cranes Band pamoja na wenzake kadhaa na ndiye aliyebaki kiongozi.

Miaka 50 ni rahisi kuitamka. Bendi ya dansi huishi usiku, na usiku wa Kampala kuanzia miaka ya sabini hadi katikati ya themanini haukuwa wa starehe: amri ya kutotoka nje, vizuizi vya askari barabarani, milio ya risasi. Amin aliangushwa 1979, Obote akarudi, naye akapinduliwa 1985, kisha Museveni akaingia Januari 1986. Afrigo ikabaki inapiga. Baadaye ukaja mtihani mwingine, mrefu zaidi: madijei na pleibeki. Msanii mwenye CD moja mkononi humgharimu mwandaaji kidogo sana ukilinganisha na bendi yenye wapiga magitaa, mpiga dramu, wapuliza tarumbeta na waimbaji, wote wakingoja ujira wa usiku huo. Bendi nyingi zilisambaratika kwa hesabu hiyo. Afrigo ilijiwekea makazi pale Club Obbligato, Bugolobi, na wapenzi wake wakajua pa kuikuta wikiendi. Kwangu mimi, miaka hiyo 50 ndiyo rekodi kubwa kuliko zote za muziki wa Kampala, na nitaiweka juu ya tuzo yoyote.

Katika ukanda mzima, hata hivyo, Afrigo ina kaka zake. Msondo ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikapitia majina ya JUWATA na OTTU kadiri chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilivyobadilika. Na tukihesabu vikundi vya taarabu, Ikhwani Safaa ya Zanzibar, ya mwaka 1905, inawaacha wote mbali.

Afrigo pia imelea wanawake wenye sauti kubwa. Joanita Kawalya ni mmoja. Rachel Magoola, aliyevuma na "Obangaina" kwa Lusoga, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bugweri mwaka 2021.

Ziara ya kijasiri kuliko zote haikuwa na kiingilio cha kutajirisha mtu. Philly Lutaaya aliishi Sweden, akarekodi huko albamu ya "Born in Africa", na Waganda walikuwa wakimpenda kabla hata hajarudi. Mwaka 1989 alisimama mbele ya umma akasema ana ukimwi. Hakuna Mganda mashuhuri aliyewahi kulitamka hilo hadharani kabla yake. Wapo waliodhani anatafuta kuuza rekodi, kwa sababu alikuwa bado amenawiri na macho yanang'aa. Akazunguka shuleni na makanisani, akiimba na kujibu maswali ya watoto, huku mwili ukizidi kumwishia mbele ya macho ya wale wale waliombishia. "Alone and Frightened" ulikuwa wimbo wake wa safari hiyo. Alifariki Desemba 15, 1989, akiwa na miaka 38. Uganda bado humkumbuka kila Oktoba 17, siku iliyopewa jina lake. Wanamuziki wengi wamejaza kumbi kubwa kuliko shule na makanisa yale. Simwoni aliyebeba kitu kizito zaidi jukwaani.

Aliyekaa mbali kwa muda mrefu kuliko wote kabla ya kuwaimbia watu wa nyumbani ni Geoffrey Oryema. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri, akauawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Kijana Geoffrey alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, akafika Ufaransa. Albamu yake "Exile" ya mwaka 1990, iliyotayarishwa na Brian Eno na kutolewa na kampuni ya Real World, iliipeleka nanga, ala ya nyuzi ya Waacholi, kwenye masikio ya Ulaya. Mwaka huo huo aliimba Wembley, katika tamasha la kumpokea Nelson Mandela. Kampala ilimngoja karibu miaka 40, mpaka Desemba 2016. Alifariki Juni 2018. Ilikuwa karibu tuchelewe kabisa.

Na bluzi je? Louis Armstrong alipopita Kampala mwaka 1960 katika ziara yake ya Afrika, Waganda walikuwa tayari na ya kwao, kadongo kamu: mtu mmoja, gitaa lake, na kisa kirefu cha mke aliyeondoka, shamba lililouzwa au jirani aliyefiwa. Christopher Ssebadduka na Fred Masagazi ni miongoni mwa waliosimika misingi. Bingwa wa kusimulia, kwa hukumu yangu, ni Paul Kafeero. "Walumbe Zzaaya", wimbo wake juu ya kifo, unapita dakika 10 na hakuna anayeuzima katikati. Ziara za akina Kafeero zilikuwa za vituo vya biashara vya Buganda, mara nyingi zikichanganya nyimbo na maigizo, na wasikilizaji walikuwa wanaelewa kila methali iliyofichwa ndani. Kafeero alifariki Mei 2007 akiwa na miaka 36 tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Mganda aliyetuingia moyoni kuliko wote ni Jose Chameleone. Alianzia Nairobi na Ogopa Deejays, akarudi Kampala na nyimbo kama "Mama Mia", "Jamila" na "Kipepeo", zilizoimbwa Mombasa, Mwanza na Bujumbura bila mkalimani. Miongoni mwa wanawake, Juliana Kanyomozi alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya PAM (Pearl of Africa Music) ya msanii bora wa mwaka, 2008.

Kwa kuzuiwa, Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa, hana mpinzani. Uzinduzi wa "Kyarenga", Novemba 10, 2018, ulikusudiwa kufanyika uwanja wa Namboole, ukaishia kwenye ufukwe wake mwenyewe wa Busabala. Jumatatu ya Pasaka mwaka uliofuata polisi walilifunga onyesho lake hapo hapo, na Oktoba 2019 wakalifunga jingine. Wapiga vyombo, wauza chakula na madereva walioitegemea siku hiyo walipoteza pamoja naye, na hilo huwa halisemwi vya kutosha.

Kimya kirefu kuliko vyote kiliwakumba wote kwa pamoja. Machi 2020 matamasha na baa vilifungwa kwa sababu ya korona, na usiku wa Kampala haukufunguliwa rasmi hadi Januari 24, 2022, wiki mbili baada ya shule.

Wapo pia waliovuka mipaka. Ghetto Kids, watoto wachezaji wa Kampala, walionekana na dunia kupitia "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo mwaka 2014. Mwaka 2023, kwenye Britain's Got Talent, jaji Mwitalia Bruno Tonioli alibonyeza kitufe cha dhahabu wakiwa bado wanacheza, jambo lisilowahi kutokea katika shindano hilo. Kenzo mwenyewe alikuwa Mganda wa kwanza kushinda tuzo ya BET, 2015, na msanii wa kwanza wa nchi hiyo kuteuliwa kuwania Grammy, kwa "Gimme Love" aliyoimba na Matt B. Februari 2023 tuzo hiyo ilikwenda Afrika Kusini, kwa "Bayethe" ya Wouter Kellerman, Zakes Bantwini na Nomcebo Zikode.