Hisa Moja ya Heshima

Mzee mmoja alinijia na bahasha ya kaki iliyolowa jasho. Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja chake cha Muyeye, hati ya uhamisho aliyokwisha kutia saini, na CR12, ile karatasi ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha nani mkurugenzi na nani ana hisa ngapi. "Mwanangu," akasema, "kiwanja ni changu, nimerithi kwa baba. Nataka kukitia kwenye kampuni tujenge vyumba vya wageni. Mwenzangu Mwitaliano nimempa hisa moja katika mia, ya heshima tu."

Hiyo hisa ya heshima ndiyo iliyonitia hofu. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema asiye raia hawezi kushika ardhi ila kwa kukodi, na mwisho ni miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Tisini na tisa kwa mia haitoshi. Wageni waliokuwa na ardhi ya umiliki wa daima siku Katiba ilipoanza kazi, tarehe 27 Agosti 2010, waliona umiliki huo ukirudi kwa Jamhuri, wao wakabakia na haki ya kukodi kwa miaka 99. Hapa Malindi watu hujaribu kupita pembeni kwa kuweka jina la kijana wa nyumbani. Kifungu hichohicho kimeiziba njia hiyo: anayeshika ardhi kwa amana huhesabiwa raia pale tu wanaonufaika wote wanapokuwa raia.

Mzee alikuwa na kosa jingine, na hili nalikuta hata kwa wenye hisa zote mia. Ukiitia ardhi kwenye kampuni, si yako tena. Zako ni hisa. Mwaka 1925, mahakama kuu ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Bwana Macaura, aliyeiuzia kampuni yake mbao kisha akazikatia bima kwa jina lake mwenyewe. Mbao zikaungua, na bima hakulipwa hata senti, kwa kuwa mbao zilikuwa mali ya kampuni. Mwenye vyumba vya makuti na alifikirie hilo kabla moto haujamfikia.

Na pesa ni vivyo hivyo. Ukitoa karo ya mtoto kwenye till ya kampuni, lazima iandikwe: mshahara, mkopo, au gawio. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Ikiwa mauzo yake ya mwaka yamepita shilingi milioni 1 na hayajazidi milioni 25, inaweza kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ila hiyo hutozwa kwenye mauzo yote, hata mwezi uliopata hasara. Gawio likitoka, mkazi hukatwa asilimia 5, asiye mkazi 15.

"Na huyu mwenzangu," akauliza, "ana hisa moja tu, serikali itamjua?" Itamjua. Kampuni inatakiwa kumwandikisha kwa Msajili kila mmiliki halisi: mwenye hisa asilimia 10 au zaidi, na pia yule mwenye hisa chache ambaye ndiye anayeamua mambo. Mwitaliano huyu ndiye anayetoa fedha zote za ujenzi na ndiye anayechagua fundi.

Nilimshauri asiusajili uhamisho. Kiwanja kibaki kwa jina lake, kampuni ikikodi kwake kwa mkataba wa miaka 20 uliosajiliwa, na pango alitaje kwenye mapato yake kwa KRA, mamlaka ya kodi. Kwa kiwanja cha mjini hilo linawezekana. Lingekuwa shamba la kilimo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, bodi isingeruhusu hata kulikodisha kwa kampuni yenye mwenyehisa mgeni, mpaka Rais atoe msamaha.

Hati ya kiwanja akairudisha kwenye bahasha. CR12 ameniachia mezani, na Jumatatu anakuja na mwenzake tuandike mkataba.