Kilo 12 za Manjano, Gramu Nne na Nusu za Vitamini

Ukisikia dondoo la mmea fulani limekinga ubongo wa panya usiharibiwe na dawa, uliza kwanza panya alipewa kiasi gani. Tuchukue manjano. Kiini chake kinachotafitiwa zaidi ni kurkumini, na panya wakubwa wa maabara hupewa mara nyingi miligramu 100 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito.

Mwili wa panya huondoa dawa haraka kuliko wetu. Kwa hiyo mwongozo wa 2005 wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hugawa dozi ya panya hao kwa 6.2 ili kukadiria ya binadamu. Miligramu 200 zinakuwa 32. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 1.9 za kurkumini kwa siku, na kwa kuwa unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu ya kurkumini, hizo ni gramu 65 za unga: vijiko vya chai zaidi ya 20, kila siku. Hakuna mchuzi unaobeba manjano kiasi hicho.

Hata ukiyameza, mengi hayafiki kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini. Katika damu yao ilikuwa kidogo mno au haikuonekana kabisa. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, ufyonzwaji ulipanda kwa asilimia 2,000. Wauzaji wa vidonge huipenda sana takwimu hiyo. Lakini piperini hufanya hivyo kwa kupunguza kasi ya ini kuvunja kemikali, na ini halichagui. Fenitoini, dawa ya kifafa, nayo hupanda katika damu, na fenitoini ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuharibu sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mwendo. Kinachouzwa kama kinga ya ubongo kinaweza kuongeza sumu yenyewe, na hilo linanitia wasiwasi kuliko bei ya chupa.

Jaribio kubwa kwa wagonjwa lingetoa jibu, lakini nani alilipie? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliweka gharama ya kati ya kufikisha dawa mpya sokoni Marekani karibu dola milioni 985. Manjano hayana mwenyewe: hataza ya Marekani ya 1995 ya kutibu vidonda kwa manjano ilifutwa 1997 baada ya India kuipinga.

Wakati huohuo, kinga iliyothibitishwa ipo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupunguza vitamini B6 mwilini. Mgonjwa hupata ganzi na kuwaka moto miguuni, na dozi ikizidi sana huleta degedege. Miligramu 25 za B6 kwa siku hukinga mishipa ya fahamu. Kwa matibabu ya miezi sita hiyo ni gramu 4.5 kwa jumla. Manjano ya dozi ya panya, kwa muda huohuo, yangekuwa karibu kilo 12.

Wanaohitaji B6 zaidi ni wajawazito, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, wanywaji wa pombe na wenye utapiamlo. Aliyeanza dozi ya TB bila B6 aulize kliniki siku hiyohiyo, na ataje kila dondoo analotumia nyumbani.