Je, Wajua? Pipa la Mafuta Chini ya Sifuri na Maajabu Mengine ya Sokoni

Pipa la mafuta liliwahi kuuzwa kwa bei iliyo chini ya sifuri. Ndiyo, umesoma vizuri! Tarehe 20 Aprili 2020, mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa kufikishwa mwezi Mei ulifunga siku ukiwa hasi dola 37.63, yaani muuzaji ndiye aliyemlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo. Korona ilikuwa imewafungia watu majumbani, matangi ya Cushing kule Oklahoma yanakaribia kujaa, na kila mkataba mmoja una mapipa 1,000 ya kutafutiwa pa kukaa.

Mkataba wa namna hiyo, wa kupatana bei leo na mzigo kupokewa baadaye, ndio unaoitwa fyucha. Kahawa ya robusta, ile inayolimwa Bukoba na Uganda, nayo ina fyucha zake London. Mkataba mmoja tu ni tani 10. Hebu piga hesabu: magunia zaidi ya 160 ya kilo 60, kwa kubonyeza mara moja!

Je, wajua soko kubwa kuliko yote duniani ni lipi? Si la hisa, ni la fedha za kigeni, ambalo vijana wanaliita foreksi. Aprili 2022 lilizungusha dola trilioni 7.5 kila siku, kwa hesabu ya Benki ya Malipo ya Kimataifa. Gawanya mwenyewe uone: ni zaidi ya dola milioni 86 kila sekunde, na katika kila biashara 100, dola ya Marekani imo upande mmoja wa biashara 88.

Na soko lote hilo halina jengo! Linaamka Jumatatu asubuhi huko New Zealand, wakati Dar es Salaam na Nairobi bado ni Jumapili usiku, na halilali hadi New York ifunge Ijumaa, ambapo kwetu ni saa sita au saa saba usiku kutegemea majira yao. London huingia saa nne au saa tano asubuhi kwa saa zetu, New York hufuata alasiri. Zile saa chache ambazo miji hiyo miwili iko kazini pamoja ndizo zenye pilikapilika kuliko zote.

Sasa sogea karibu nikuonyeshe kitu kidogo kabisa. Euro ikipanda kutoka dola 1.0850 hadi 1.0851, imepanda pipsi moja. Tarakimu ya nne baada ya nukta, basi! Kwa yeni ya Japani ni tarakimu ya pili.

Udogo huo usikudanganye. Loti moja ni euro 100,000, na kwa loti moja kila pipsi ina thamani ya dola 10. Angalia dirisha la oda, yaani agizo la kununua au kuuza, kwenye simu yako: kuna kisanduku kidogo cha kiasi, na ukikikuta kimeandikwa 1.00, hiyo ndiyo loti nzima. Andika 0.01 na kila pipsi inakuwa senti 10. Soko likikugeuka pipsi 50, kwenye 0.01 umepoteza dola 5, kwenye 1.00 umepoteza dola 500. Ndugu yangu, kisome kisanduku hicho kabla hujagusa kitu kingine chochote!

Unajiuliza mtu mwenye dola 100 anawezaje kufanya biashara kubwa namna hiyo? Hapo ndipo inapoingia levareji, yaani broka, wakala wako wa sokoni, kukuruhusu ufanye biashara kubwa kuliko mtaji wako. Kwa levareji ya 1 kwa 500, dola zako 100 zinabeba biashara ya dola 50,000. Na je, wajua soko linahitaji kusogea kiasi gani dhidi yako ili dola zote 100 zipotee? Asilimia 0.2 tu! Kwa euro ni pipsi 22 hivi, mwendo ambao unaweza kuisha kabla chai yako haijapoa. Wanaofanya foreksi wanasema akaunti imeungua.

Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya waliangalia akaunti za wateja wadogo na kukuta 74 hadi 89 kati ya kila 100 zinapoteza fedha. Hapohapo wakaweka kikomo: levareji isizidi 1 kwa 30 kwa sarafu kubwa. Kenya nayo ilikuwa imetunga kanuni zake za foreksi ya mtandaoni mwaka 2017, na broka anayefanya kazi huko anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Uliza leseni kwanza, halafu ndiyo utume hela.

Umewahi kufungua biashara ukaona papo hapo imeandika hasara, na bei haijasogea? Hujaibiwa! Hiyo ni spredi, tofauti ya bei ya kununua na bei ya kuuza, ileile unayoiona ubaoni kwenye duka la kubadilishia fedha.

Hii nayo ni kiboko. Desemba 2005, mfanyakazi wa kampuni ya Mizuho Securities mjini Tokyo alitumwa na mteja kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Akageuza namba: akaweka oda ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni 1! Sasa sikia uhondo wenyewe: kampuni nzima ya J-Com ilikuwa na hisa 14,500 tu. Ziliwekwa sokoni hisa ambazo hazikuwepo duniani, zaidi ya mara 40 ya zilizopo. Wakajaribu kufuta oda, mtambo wa soko ukakataa, na hasara ikafika takriban yeni bilioni 40. Rais wa soko la hisa la Tokyo alijiuzulu.

Na unapoona oda za aina mbili kwenye simu, ujue tofauti yake. Oda ya soko inasema nipe sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Oda ya kikomo inasema bei yangu ni hii, isipofika, basi.

Na stoploss, ile bei unayoiweka ili biashara ijifunge yenyewe ukianza kuumia? Je, wajua kuna siku ilirukwa na bei? Tangu Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilikuwa imeapa kwamba euro haitashuka chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, ikaondoa kiapo bila kumwonya mtu. Ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga 1, na watu walioweka stoploss karibu na 1.20 walifungiwa mbali kabisa na pale walipoweka, kwa sababu katikati karibu hapakuwa na wanunuzi. Baadhi ya mabroka wenyewe walifilisika.

Mishumaa ya kijani na nyekundu unayoitazama kwenye chati inasemekana asili yake ni wachuuzi wa mchele! Soko la mchele la Dojima, Osaka, lilitambuliwa rasmi na watawala wa Japani mwaka 1730, na simulizi za huko zinamtaja mfanyabiashara Homma Munehisa kama baba wa mishumaa. Kila mshumaa unabeba bei nne: ya kufungua, ya kufunga, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Wamarekani wengi walianza kuujua mwaka 1991 tu, Steve Nison alipotoa kitabu chake.

Kuuza kitu usichonacho, ukiahidi kufikisha hisa baadaye ili uzinunue zikishuka, unadhani ni ujanja wa kizazi cha intaneti? Mfanyabiashara Isaac Le Maire alifanya hivyo Amsterdam mwaka 1609, miaka 7 tu baada ya kampuni ya India Mashariki ya Uholanzi kuuzia umma hisa zake. Mwaka 1610 serikali ikapiga marufuku.

Soko linalopanda huitwa la fahali, linaloshuka la dubu. Yule fahali wa shaba wa New York ana uzito wa zaidi ya tani 3, na hakuna aliyemwalika! Mchongaji Arturo Di Modica alimshusha mbele ya soko la hisa usiku mmoja wa Desemba 1989 bila kibali. Wakamwondoa, watu wakalalamika, akarudishwa mtaa wa jirani, na hadi leo yupo.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Na Kenya mwaka 2008, Safaricom ilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, hisa bilioni 10 zilitolewa kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, wengi wakarudishiwa sehemu ya fedha zao.

Hesabu hii ifanye sasa hivi. Ukipoteza asilimia 50 ya mtaji, unahitaji faida ya asilimia ngapi urudi ulipokuwa? Si 50. Ni 100! Ukipoteza asilimia 90, unahitaji 900.

Na la kitunguu unalijua? Mwaka 1955 wafanyabiashara wawili walijikusanyia vitunguu vya Chicago hadi karibu soko zima likawa mikononi mwao, kisha wakaviachia sokoni. Kufikia Machi 1956 gunia lililokuwa likiuzwa dola 2.75 lilifika senti 10, chini ya bei ya gunia tupu! Wakulima walilia hadi bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1958. Fyucha za dhahabu, mafuta, kahawa na hata nguruwe ni ruksa kule mpaka leo. Za kitunguu ni kosa la jinai.