Kinga yako ina meno mangapi?

Ndugu mfanyakazi, hesabu meno ya kinga yako. Usicheke. Tunasema juu ya yale magurudumu mawili ya meno yenye kushika sheni: plato, ile kubwa ya kwenye pedali, na pinyo, ile ndogo ya nyuma. Wengi wanajua bei ya kinga yao mpaka senti ya mwisho, lakini meno hawajayahesabu hata siku moja. Na kumbe ni hayo yanayofanya magoti yaume, ni hayo yanayofanya mtu ayumbe kwenye kilima wakati lori linakuja nyuma yake.

Tia alama ya chaki kwenye jino moja, anza hapo. Kinga nyingi za gurudumu kubwa, lile la 28, zina plato ya meno 44 na pinyo ya meno 18. Basi ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na wewe unakwenda mbele metre 5 na sentimeta 40 hivi. Asubuhi, kama umelala vizuri na njia ni ya sawasawa, hiyo ni nzuri sana.

Lakini kinga haikupeleki kazini tu, inakurudisha pia. Usichague pinyo kwa miguu ya asubuhi. Chagua kwa miguu ya mtu aliyetoka posti ya usiku, upepo wa kiangazi unampiga usoni, na nyuma amefunga mfuko wa bunga wa kilo 25. Mtu huyo akifika kwenye kilima anasimama juu ya pedali, anavuta usukani huku na huku, na kinga inaandika nyoka barabarani. Njia ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi imejaa malori ya madini. Dereva hawezi kujua utayumba upande gani.

Dawa yake ni ndogo: pinyo yenye meno mengi zaidi. Ukitoa ya 18 na kuweka ya 22, mahali ulikanyaga kwa nguvu ya kilo 50, sasa kilo 41 zinatosha. Vijana watasema, «Tutachelewa!» Haya, tuhesabu. Mtu anazungusha pedali mara 60 kwa dakika, na kazi iko kilometre 8 kutoka nyumbani. Kwa pinyo ya 18 atatumia dakika 25. Kwa ile ya 20, dakika 28. Kwa ile ya 22, dakika 30. Dakika tano, basi. Na kwenye kilima yule wa meno 18 ameshashuka anasukuma. (Kushuka na kusukuma si haya. Haya ni kuanguka na bunga ya watoto.)

Kama njia yako ni tambarare na hubebi kitu, baki na 18. Kama kuna kilima kimoja au mchanga, 20 inafaa watu wengi. Anayebeba mizigo kila siku, au mwenye goti lililokwisha kuumia, achukue 22. Ile ya 16 waachie wenye kushindana. Na usisahau bibi yako: kama ndiye anayekwenda sokoni na kinga hiyo, na mtoto mgongoni, basi muulize yeye kwanza. Miguu yake nayo ihesabiwe.

Kubadilisha ni kazi ya fundi, kwa sababu pinyo imekazwa kwa nguvu na inataka chombo chake cha kuifungulia. Usikubali aipige na nyundo na patasi, meno yatavunjika. Pinyo ya 20 itavuta gurudumu la nyuma mbele kiasi cha milimeta 6, ile ya 22 kiasi cha milimeta 12. Nafasi ikikosekana, ataongeza kipande cha sheni. Gurudumu likisogea, mpira wa freni haukamati tena mahali pake. Hapo ndipo wengi wanasahau, wanaondoka na sheni nzuri na freni bure.

Pima na sheni yenyewe. Vipande 24 vya sheni mpya vina urefu wa milimeta 305. Vikifika 308, sheni imekwisha: itaruka juu ya meno siku ile umesimama kwenye pedali, na utaangukia chuma cha katikati. Wanaume, mnaelewa tunasema nini. Ikiwa meno ya pinyo yamechongoka kama msumeno, tupa vyote viwili pamoja, maana sheni mpya juu ya pinyo ya zamani haidumu.

Ukishika sheni katikati, chini ya kinga, iweze kupanda na kushuka sentimeta moja au mbili, si zaidi. Halafu ijaribu siku ya mapumziko, mchana, na mzigo wako wa kawaida nyuma, kwenye kilima kile kile unachokichukia.