Mzazi, kichupa cha vepu kimewekwa wapi?

Glisirini ni nzito, hivyo kijana anayejichanganyia kimiminika cha vepu huilainisha kwa matone ya pombe kali au maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri. Feri hakuna? Atayapata maduka ya vipuri Gerezani, Kariakoo. Tatizo, wengine huita tindikali nayo “maji ya betri”!

Hata akipatia maji, kuna nikotini. Hiyo ni sumu, tena hupenya ngozi. Mtoto mdogo akivutwa na harufu ya embe akanywa kidogo tu, anaweza kutapika, kutetemeka, hata kufa. Ikimmwagikia, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi. Akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali, na kichupa ukibebe.